Kupima afya kabla ya kuanza mazoezi: mimi nilianzia hapa

Mkuu, umesema una miaka 41, hujakimbia tangu sekondari, unataka kilomita 21 za Kilimanjaro Marathon kule Moshi, na watu wa jimu wamekwambia "pima mwili mzima kwanza". Unauliza upime nini hasa. Mimi nilipita njia hiyo nikiwa na 43.

Anza na presha, na uipime kwa utulivu. Mara ya kwanza nilipimwa kwenye banda la maonyesho, ikasoma 152/96. Nikajiambia ni jua na foleni, nikaiacha mwaka mzima. Najutia mwaka ule mpaka leo, kwa sababu mzee wangu alianguka na kiharusi bila kuwahi kujua kwamba ana presha.

Nilipokwenda kwa daktari hakunibishia habari ya jua. Alinituma nijipime nyumbani siku saba, asubuhi na jioni, mara mbili mbili. Kojoa kwanza. Kaa dakika tano mgongo umeegemea, nyayo zote chini, usikunje nne. Mkono uulaze mezani usawa wa moyo, mkanda wa mashine ukae juu ya ngozi na si juu ya shati, na usiongee na mtu. Kahawa na sigara ziwe mbali nusu saa kabla. Kama una mkono mnene tafuta mkanda mkubwa, maana ule mdogo hupandisha namba bure. Wastani wangu ukatoka 144/92. Kwa vipimo vya nyumbani, kuanzia 135/85 ni presha ya juu. Kwa kliniki ni 140/90. Basi halikuwa jua. Nikaanza dawa, nikapimwa pia umeme wa moyo (ECG).

Sukari ipime asubuhi kabla ya kula, angalau saa nane tangu mlo wa mwisho, maji tu ndiyo ruksa. Mimi nilikunywa chai ya maziwa, maabara wakanirudisha nyumbani, na walifanya vizuri. Chini ya 6.1 mmol/L ni salama; 7.0 na kuendelea ni kisukari, ila kama huna dalili lazima kipimo kirudiwe siku nyingine. Mafuta na figo waliangalia kwa damu ya siku hiyo hiyo.

Kiuno nakiamini kuliko mizani. Chukua futi ya fundi cherehani, pima katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, ukiwa umetoa pumzi. Mwanaume akivuka sentimita 94 aanze kuangalia, akivuka 102 hatari imekuwa kubwa. Kwa mwanamke ni 80 na 88. Mimi nilikuwa na 104.

Sasa pumzi na nguvu, ambavyo hospitali nyingi hazikupimi usipoomba. Kuna kipimo cha kukimbia dakika 12, alichokitangaza Kenneth Cooper, daktari wa jeshi la anga la Marekani, mwaka 1968. Ni kizuri, lakini kinataka ujikamue mpaka mwisho, kwa hiyo tafadhali usianze nacho. Mimi nilisubiri presha itulie, nikatembea haraka dakika sita kwenye uwanja wa shule na kuhesabu mita: 510. Nyumbani nikahesabu mara ngapi naweza kuinuka kitini na kukaa kwa sekunde 30, mikono imekunjwa kifuani: 13. Nikaandika vyote kwenye daftari pamoja na mapigo ya asubuhi kabla sijatoka kitandani. Baada ya miezi minne ya kutembea, kisha kukimbia pole pole, nilifika mita 620 na kuinuka mara 19. Hapo ndipo nilipojaribu zile dakika 12.

Kifua kikibana au ukiona kizunguzungu, simama hapo hapo na uende hospitali, usisubiri kesho.

Halafu kabla hujaenda, waulize wazee wa kwenu pande zote mbili: nani aliugua presha, kisukari au kiharusi, na nani alifariki ghafla akiwa bado kijana. Mweleze daktari hayo hata asipokuuliza.