Ukiolewa kwenye nyumba ya Kijapani, usiende na daftari

Mwaka wa kwanza wa ndoa nilimfuata mamamkwe jikoni na daftari mkononi, nikamwomba anielekeze supu yake ya miso, yaani rojo la soya lililochachushwa. Akacheka huku kafunika mdomo, akasema hiyo ni supu tu. Mtoto wa Tanga nikarudi chumbani nimenuna, nikijua nimenyimwa.

Kumbe hakuwa na cha kuninyima. Okaasan, yaani mama, ndivyo tunavyomwita, yupo Gardena, kusini mwa Los Angeles, tangu mwaka 1971, na katika miaka yote hiyo anachopima ni mchele peke yake. Vingine vinajulikana na mkono.

Kwa hiyo mkamwana mwenzangu, omba kazi. Mimi nilianzia kuosha mchele. Kwetu tunaosha ili vumbi litoke, basi. Okaasan anamwaga maji ya kwanza haraka, mchele usije ukayanywa, kisha anauzungusha kwa vidole, anabadilisha maji mpaka yakaribie kuwa safi, halafu anauacha ulowe nusu saa. Na kikombe chake usikiguse ovyo! Ni kipimo cha Kijapani, go, mililita 180, na mistari ya maji ndani ya sufuria ya umeme inafuata kikombe hicho. Mimi nilichukua kikombe cha Kimarekani, ambacho ni kikubwa zaidi, na kwa miezi miwili wali wangu ulitoka mgumu. Watu wakala kimya. Hakuna aliyenisahihisha, na huo nao ni ujapani wa kuuzoea.

Baadaye nikakabidhiwa dashi, ile supu nyepesi inayobeba karibu kila kitu wanachopika. Unaloweka kipande cha mwani mkavu, kombu, kwenye maji baridi, kisha unawasha moto mdogo. Uutoe kabla maji hayajachemka, la sivyo utapata utelezi na uchungu. Unatia vipande vyembamba vya samaki wa jamii ya jodari aliyekaushwa kwa moshi, unazima jiko, vikizama unachuja bila kukamua. Miso inakuja mwisho kabisa, na haichemshwi. Mwani! Kwetu watu wanaulima, wanauanika na kuuuza kwa magunia (si aina hii, lakini mwani ni mwani), na sikuwahi kuuona ndani ya chungu. Supu ya namna hii ndiyo iliyomfanya profesa Kikunae Ikeda wa Tokyo, mwaka 1908, aipe ladha yake jina la umami.

Jambo la pili limenichukua muda mrefu zaidi kuliona. Angalia mamamkwe wako anakaa wapi wakati wa kula. Wangu alikuwa hakai. Mwaka mpya anaandaa osechi, vyakula vya kupangwa kwenye visanduku: maharage meusi yenye sukari, mayai ya samaki, dagaa waliokaangwa kwa sosi ya soya. Wenyewe wanasema vinapikwa mapema ili mwanamke apumzike siku tatu za mwanzo wa mwaka. Tarehe 2 Januari nikamkuta amesimama kwenye sinki anaosha vile visanduku kimoja kimoja. Nikajifanya kumsifu: "Okaasan, unapenda sana kupika."

Akanitazama. "Kupenda? Nani angepika?"

Nilikuwa nimemsifu mbele ya wageni miaka sita.

Sasa Jumamosi jikoni ni kwangu, na Jumapili tunatoka. Usimuulize kama anataka kutoka, maana "hapana" ya kwanza ni adabu, na ya pili pia. Mwambie unaenda dukani, akusindikize. Mkishafika mjini, pitia mgahawa wa kawaida kabisa. Wangu anachagua meza ya dirishani, anaagiza kahawa na viazi vya kukaanga, anakula taratibu kimoja kimoja. Vinavyobaki anavifunga kwenye tishu, ampelekee mwanawe, ambaye ana miaka hamsini na mbili.