Wali mweupe, mayai mekundu

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmeuliza: chakula cha taifa ni cha nani? Nitajibu kwa mfano wa Japani. Nilisoma Fukuoka miaka miwili, na swali hili lilinikaa kooni huko.

Wajapani, kama sisi, wanatenganisha mpunga, mchele na wali: ine shambani, kome gunia­ni, gohan bakulini. Gohan maana yake pia ni mlo. Ukikaribishwa chakula, umekaribishwa wali, hata kama mezani kuna tambi. Ndiyo maana wengi huko watakuambia wali ni roho ya nchi yao.

Lakini Julai 1918 roho hiyo ilikuwa haishikiki kwa bei. Wake wa wavuvi wa Toyama, mkoa wa pwani, walijikusanya kuzuia mchele usipakiwe melini, ghasia zikaenea nchi nzima, na Septemba serikali ya Waziri Mkuu Terauchi ikajiuzulu. Watawala wakatafuta dawa kwenye makoloni: Taiwan, waliyoichukua 1895, na Korea, waliyoimeza 1910. Taiwan wataalamu walizalisha mpunga wa kumridhisha mlaji wa Japani, na mwaka 1926 ukapewa jina la Hōrai. Korea ndiko kunakoniuma zaidi. Kufikia katikati ya miaka ya 1930, karibu nusu ya mchele wake ulikuwa unavushwa bahari kwenda Japani, na mkulima aliyeinama matopeni kuupanda akawa anakula nafaka ndogondogo, jamii ya ulezi, zilizoletwa kutoka Manchuria, kaskazini-mashariki mwa China.

Kisha ikaja vita. Kuanzia Septemba 1939, kila tarehe mosi ya mwezi raia walihimizwa kujinyima, na chakula cha siku hiyo kikawa hinomaru bento: wali mweupe ndani ya kisanduku, na katikati umeboshi moja, tunda chachu lililolazwa kwenye chumvi likakauka. Ukifunua kifuniko, unaitazama bendera ya Japani. Watoto waliila bendera hiyo shuleni, katika nchi iliyokwisha kuzoea kujazia ghala lake kwa jasho la wale waliowatawala.

Dola ya Japani ilipoanguka 1945, mamilioni ya Wajapani walirudi kwao, na vyakula vikarudi nao. Gyoza, vipande vya unga vilivyokunjwa na kujazwa nyama na mboga, zilienea kwa mikono ya waliotoka Manchuria. Fukuoka kwenyewe kuna mentaiko, na hapa naomba nikae kidogo. Ni kifuko cha mayai ya samaki, kirefu kama kidole, chekundu kwa pilipili. Ukikipasua kwa vijiti, ngozi yake nyembamba inaachia na mayai madogo kama mchanga yanamwagika juu ya wali wa moto. Unapata chumvi kwanza, pilipili baadaye. Aliyeanza kuyauza mjini humo mwaka 1949 ni Kawahara Toshio, Mjapani aliyezaliwa Busan, Korea, akayatengeneza kwa kukumbuka ladha ya alikokulia. Jina lenyewe linasema: mentai limetokana na myeongtae, jina la Kikorea la samaki huyo, na ko ni mtoto.

Desemba 2013 UNESCO iliuweka utamaduni wa chakula cha Wajapani, washoku, kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika. Heshima hiyo wanaistahili. Nimeona mzee akitumia asubuhi nzima kwenye mchuzi wa mwani na samaki mkavu. Ninachodai ni kwamba simulizi ya mlo huo iwataje na wakulima wa Korea na Taiwan, kwenye makumbusho na kwenye vitabu vya shule.

Bwenini nilikaa chumba kimoja na binti wa Busan. Siku moja nilirudi na pakiti ya mentaiko iliyoandikwa kuwa ni fahari ya Hakata, kama wenyeji wanavyoiita sehemu hiyo ya Fukuoka. Aliisoma mbele na nyuma, akaiweka mezani, akafungua friji akatoa kopo alilotumiwa na mama yake, mayai yaleyale yakiwa yanang'aa kwa mafuta ya ufuta.

“Myeongnan,” alisema, akanirudishia mara tatu mpaka nikaweza kulitamka.

Msomaji wenu,
Tanga