Boya la Luigi halishikiki

SWALI: Asalaam aleikum. Wanangu wameletewa mchezo wa video wa Luigi's Mansion 3 na mjomba wao. Wanaipenda mno, ile mizuka inawachekesha hadi machozi, lakini kule chini kwenye boya la majini wanakwama kila siku. Pedi imeharibika?
Mama, Wete, Pemba

JIBU: Waaleikum salaam, bibie. Pedi ni nzima. Boya lile halina usukani, linakwenda kwa upepo wa mashine anayoibeba Luigi, shujaa wa mchezo. Kitufe cha ZL kwenye pedi ndicho cha kupuliza, na akipuliza mbele, boya linarudi nyuma. Basi ape mgongo kule anakotaka kwenda, ndipo apulize, tena kidogo kidogo. Wakiigandamiza ZL, kasi inazidi na boya halisimami. Kulizuia ni kugeuka na kupulizia upande wa pili. Kwa kweli sehemu hii imetungwa vibaya, inamchosha hata mtu mzima.

Kabla ya kushuka, wanunue mfupa wa dhahabu kwa 1,000 za pesa za mchezoni. Luigi akizimia, mbwa wake mzuka humzindua, hawaanzi upya.

Wakicheza wawili, mmoja achukue Gooigi, yule pacha wa Luigi wa ute wa kijani. Anapenya vyuma na miiba, ila maji humyeyusha.

Na yule paka mzuka wa mchezoni anayeiba kitufe cha lifti? Ukimtazama, anajificha. Mpe mgongo, msubiri akaribie kukurukia, geuka ummulike kwa kitufe cha A, kisha mvute kwa kitufe cha ZR huku kijiti cha pedi ukikielekeza upande asioukimbilia.