Ngao ya Mthamini Aliyekataa Kusaini

SWALI: Tunaishi pembezoni mwa Jiji la Dodoma. Mthamini mmoja alikataa kusaini jedwali la fidia ya ardhi yetu inayotwaliwa, lililofuta posho ya makazi ya kaya zetu, akahamishwa. Tunataka kumtunuku ngao hadharani. Hatutamponza?

JIBU: Mtamponza mkianza na turubai na spika. Kwanza akubali mwenyewe. Kama mbali na uhamisho amepewa adhabu ya kinidhamu, rufaa yake ina siku 45 tu; shamrashamra zisubiri.

Kazi kubwa ni maneno ya kwenye ngao. Kanuni za fidia za mwaka 2001 zinakokotoa posho ya makazi kwa kodi ya soko ya mwezi mara miezi 36, kwa hiyo nyumba ya kodi ya sh. 60,000 inadai sh. 2,160,000. Ila ardhi isiyokaliwa na mtu siku ya kutwaliwa haina posho hiyo. Hakikini kaya moja moja, maana viwanja vitupu viwili vikijipenyeza kwenye orodha, aliyefuta ataonekana ndiye mwenye haki. Kisha andikeni: “Alikataa kusaini jedwali lililoondoa posho halali ya makazi.” Basi. Mkimtaja bosi wake kuwa mwizi na mahakama haijasema hivyo, mmejitafutia kesi ya kashfa, na shahidi wa kwanza kuitwa ni huyo huyo mnayempongeza.

Msimwombe nakala ya dokezo lake, yaani maandishi ya ofisini ya kueleza kwa nini alikataa. Tarehe na namba ya folio (ukurasa wake jaladani) awe nazo yeye. Karatasi ibaki jaladani, kwani kutoa nyaraka za ofisi ni kosa la kweli, na huenda ndilo wanalolitafuta.

Bahasha hapana. Pesa ya watu aliowathaminia mali inanuka hongo, na hata kreti ya zabibu iacheni.

Barua ya pongezi ipelekeni kwa mwajiri wake, muombe iwekwe kwenye jalada lake binafsi. Inafaa kuliko ngao. Msikawie mno lakini. Rubani wa Marekani Hugh Thompson, aliyeingilia kati wanajeshi wenzake walipoua raia kijijini My Lai, Vietnam, mwaka 1968, alipewa nishani mwaka 1998, wakati mwenzake Glenn Andreotta alishakufa zamani.

Jambo moja wengi hulisahau: Sheria ya Kulinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya 2015 humkinga aliyetoa taarifa. Kukataa kimya kimya si kutoa taarifa. Kama hajaripoti, TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, wanapokea simu bure kwa namba 113.