Kapasita ya tatu kwenye kiyoyozi kilekile

Kapasita (kifaa kinachohifadhi chaji na kuisaidia mota kuwaka na kuzunguka) ikifa mara moja, badilisha uendelee na kazi. Ikifa tena baada ya miezi michache, usifunge nyingine kabla hujapima. Mafundi wapya wengi hukimbilia kulaumu spea feki. Spea feki zipo kweli, lakini zinapokufa mbili mfululizo mahali pamoja, chunguza mashine kwanza.

Zima umeme kwenye swichi kuu, hakikisha kwa mita kwamba umekatika, kisha toa chaji iliyobaki ndani ya kapasita kwa rezista ya ohm 20,000 yenye wati 5. Bisibisi si kifaa cha kazi hiyo.

Soma kibandiko. Mikrofaradi (kipimo cha uwezo wa kapasita) lazima zilingane na zile zinazotakiwa na mota au kompresa. Volti zinaweza kuzidi, ila zisipungue: palipokuwa na 440 usifunge 370 eti kwa sababu ndiyo uliyonayo kwenye begi. Leo itawaka vizuri, kisha itavimba kifuniko.

Baada ya kufunga, ipime mashine ikiwa inafanya kazi, maana kapasita inaweza kusoma vizuri mezani na kulegea ikibeba mzigo. Kamata kwa klampu mita waya unaotoka HERM (nguzo ya kapasita inayohudumia kompresa) kwenda terminali S (ya kuwashia) ya kompresa, usome ampea. Kisha pima volti kati ya HERM na C (nguzo ya pamoja ya kapasita). Kwa umeme wa hezi 50, zidisha ampea kwa 3183, gawanya kwa volti (kwa hezi 60 tumia 2652). Mfano: ampea 3.5 × 3183 ÷ 370 = mikrofaradi 30. Kama kibandiko kinasema 35 na kinaruhusu pungufu ya asilimia 5, kiwango cha chini ni 33.25. Hiyo imekwisha.

Zile volti ulizosoma usizisahau. Mara nyingi huwa juu ya volti za umeme unaoingia, na zikipita zilizoandikwa kwenye kapasita, muuaji umempata. Zikiwa sawa, tafuta joto: koili ya nje iliyoziba vumbi, feni inayozunguka kwa uzito, au kapasita iliyofungwa ikagusana na bomba la moto la kompresa. Angalia na klipu za waya. Iliyobadilika rangi au kulegea ikatwe na iwekwe mpya. Kuibana kwa koleo hakurudishi ugumu wake, nayo itaendelea kupasha moto nguzo ya kapasita.

Kontakta (swichi ya sumaku inayoipa kompresa umeme) inayoungua pointi kila mara huwa inatetemeka kwa sababu koili yake inapata volti pungufu, au mashine inawaka na kuzima kila baada ya dakika chache. Pima volti za koili wakati ule ule inapovuta.

Kompresa ndiyo inayouma zaidi, kwa gharama na kwa jasho. Ikiungua, asidi hubaki kwenye mafuta ndani ya mabomba, na kompresa mpya inaikuta hapo. Kwa hiyo badilisha filta draya (kichujio kinachonasa unyevu na uchafu) kila mara, pitisha naitrojeni taratibu unapochomelea ili magamba meusi yasijijenge ndani ya bomba, kisha vuta vakyumu (toa hewa yote kwa pampu) hadi mgandamizo uwe chini ya mikroni 500. Funga valvu, subiri dakika 10. Mikroni zikipanda kupita kiwango hicho kisha zikatulia, kwa kawaida bado kuna unyevu. Zikiendelea kupanda bila kusimama, kuna uvujaji. Na usiongeze gesi kila mwaka bila kutafuta inapovuja: kompresa hupozwa na gesi hiyo hiyo, ikipungua hujipika zenyewe.

Bodi ya elektroniki ikiungua, pima mota ya feni kabla ya kufunga mpya. Mota yenye shoti huiua palepale.

Ukimaliza, andika kwa kalamu isiyofutika ndani ya kifuniko: tarehe, volti, ampea za kompresa na za feni, mikrofaradi ulizokokotoa. Fundi atakayefungua baadaye, pengine ni wewe mwenyewe, ataona mara moja kilichobadilika.