Shokapu za Land Cruiser: pima uzito kwanza, dukani uende baadaye

Mtu akichoka kurushwarushwa na gari, jambo la kwanza analofanya ni kwenda dukani kuomba "shokapu ngumu kabisa, za porini". Nawaelewa wanaofanya hivyo, barabara zetu zinachosha. Ila gari ukilifunga shokapu ngumu kuliko uzito linaobeba kila siku, kila jiwe litakufikia mgongoni, na pesa yako itakuwa imekwenda.

Gari langu ni Land Cruiser HZJ 78, hardtop ndefu yenye injini ya dizeli ya 1HZ. Natembea nalo sana kutoka Arusha kwenda Mto wa Mbu, Engaruka mpaka Ngaresero, na mara nyingine naingia nalo Serengeti. Mwenye gari wa kwanza alikuwa mtu wa mizigo: alikuwa ameongeza majani (vile vyuma bapa vinavyopangwa juu ya vingine) kwenye springi za nyuma na kufunga shokapu za kuhimili uzito huo. Likiwa na tani mgongoni lilitulia vizuri. Likiwa na familia na mabegi halikukalika. Baada ya kulibadilisha, mama yangu anakaa siti ya nyuma mpaka Ngaresero na anashuka akiwa mzima wa kiuno. Kwangu hicho ndicho kipimo cha gari lililofungwa vizuri.

Kwanza tuelewane kuhusu kazi ya kifaa chenyewe. Gari linabebwa na springi. Shokapu haibebi chochote, yenyewe inaituliza springi. Ndani yake kuna oili na pistoni yenye vali na matundu madogo. Springi ikinywea, yaani ikibanwa, au ikifunguka, oili inalazimishwa kupenya kwenye matundu hayo, na nguvu ya mtikisiko inageuka kuwa joto. Kwa hiyo gari likiwa limelala upande au limeinama nyuma, usiilaumu shokapu. Hapo tatizo ni springi, na shokapu mpya haitaliinua.

Hilo joto lina faida kwako unapotafuta shokapu iliyokufa. Ukipita lango la Loduare la kuingilia Ngorongoro lami inaisha, na kuelekea Naabi, lango la Serengeti, unakutana na vile vimawimbi vya barabara ya vumbi vilivyojipanga kama bati la mgongo. Huko shokapu inapanda na kushuka mfululizo bila kupumzika. Ukisimama baada ya kipande kirefu cha namna hiyo, sogeza mgongo wa mkono karibu na mwili wa kila shokapu, taratibu, maana inaweza kukuunguza. Zinazofanya kazi zitakuwa na joto, za mbele zikilingana zenyewe kwa zenyewe na za nyuma vilevile. Ukikuta moja imepoa wakati mwenzake hashikiki, hiyo iliyopoa imekufa. Kisha itazame: mara nyingi utaona vumbi limegandana na oili kuanzia shingoni, limekuwa tope jeusi lisilopukutika. Unyevu mwembamba kwenye sili (mpira unaozuia oili isitoke) ni kawaida. Oili inayochuruzika mpaka chini si kawaida.

Wapo mafundi wanaopima kwa kuliegemea boneti na kuliachia, wakihesabu gari linadunda mara ngapi. Kwa gari dogo kipimo hicho kinasaidia. Kwa Land Cruiser yenye springi za majani hakikuambii mengi, kwa sababu majani yenyewe yanasuguana na kuizuia gari isidunde hata kama shokapu imeisha. Afadhali upitishe kiganja juu ya tairi: ukihisi mabonde-mabonde yanayojirudia kwenye kashata (meno ya tairi), tairi lilikuwa linarukaruka badala ya kushika ardhi, na shokapu ni mshukiwa wa kwanza.

Kabla hujatoa hela, malizia mambo ya bei rahisi. Angalia upepo. Watu wengi wanatembea na psi 40 na zaidi kwenye vumbi gari likiwa tupu, halafu wanalalamikia shokapu. Mimi nikiacha lami nashusha mpaka karibu psi 30, napunguza mwendo, na nikirudi kwenye lami najaza tena kwa pampu ndogo ya umeme niliyonayo garini. Ni lazima ujaze, kwa sababu tairi lenye upepo mdogo likikimbizwa kwenye lami linachemka na kupasuka. Halafu angalia bushi zote (mipira ya kwenye maungio) za springi na za shokapu, na upige grisi kwenye pini za springi kama zina nipo, kile kitundu cha kuingizia grisi. Majani yaliyojaa kutu na tope kavu yanagoma kunywea, na gari linakuwa gumu kama mkokoteni hata ukilifunga shokapu za bei mbaya. Kwenye gari langu fundi aliyafungua majani, akayasugua, na yale ya nyongeza akayatoa kabisa. Aliniambia, "Kaka, tukiweka shokapu laini juu ya springi hii ya lori, springi itaishinda shokapu." Ni kweli. Springi ngumu inafunguka kwa nguvu kubwa, na shokapu laini haiwezi kuizuia. Vilevile shokapu ngumu juu ya springi laini inalifanya gari lisinywee linapotakiwa kunywea.

Ndiyo maana nasisitiza uzito. Andika kila kitu kisichotoka kwenye gari: ngao ya chuma mbele, winchi, keria, tenki la pili, tairi la akiba, sanduku la spana. Ongeza watu na mizigo ya siku ya kawaida. Ukipata mizani, pima ekseli ya mbele peke yake na ya nyuma peke yake. Mbele uzito haubadiliki sana, injini iko palepale siku zote. Mabadiliko makubwa yako nyuma, na huko ndiko watu wanakofunga springi na shokapu ngumu kupita kiasi kwa sababu ya safari moja ya kubeba saruji. Funga kwa ajili ya siku zako nyingi. Siku ya saruji endesha polepole.

Muuzaji anayejua kazi yake atakuuliza uzito huo. Asipouliza, mweleze wewe, na umuulize shokapu hiyo imepangwa kwa springi ya uzito gani. Shokapu inakaza kwa njia mbili, wakati wa kunywea na wakati wa kufunguka, na kwa kawaida inakaza zaidi inapofunguka. Gari likidunda mara mbili tatu baada ya tuta, shokapu zake hazikazi vya kutosha zinapofunguka. Lipo na kosa la upande wa pili ambalo wengi hawalijui: shokapu ikikaza sana inapofunguka, kwenye mawimbi yanayofuatana springi haipati muda wa kurudi juu, gari linazidi kukaa chini kila wimbi, mwisho linagonga kwenye mpira wa kuzuia ekseli isifike kwenye chesisi. Dereva anadhani shokapu ni laini, anaenda kutafuta ngumu zaidi, na hali inakuwa mbaya zaidi.

Kuhusu aina, ziko za mrija mmoja na za mirija miwili. Za mrija mmoja, kama zile Bilstein wanazojulikana nazo, zina gesi ya naitrojeni iliyotengwa na oili kwa pistoni inayoelea, na joto linatoka moja kwa moja kwenye ukuta wa nje. Zinavumilia mawimbi marefu bila oili kutoa povu. Udhaifu wake ni jiwe: mwili ukibonyea, pistoni inakwama, kwa sababu ukuta huohuo ndio inamotembea. Za mirija miwili, kama Nitrocharger za Old Man Emu, zinapoa polepole zaidi, lakini ukuta wa nje unaweza kubonyea kidogo na kazi ikaendelea. KYB wanatengeneza aina zote mbili. Kwa mawe ya Engaruka nimechagua mirija miwili yenye gesi. Ningekuwa mtu wa kwenda Seronera, katikati ya Serengeti, kila wiki ningechukua mrija mmoja na kuikinga kwa bamba la chuma. Za kufunguliwa gereji, kujazwa oili yoyote na kuchomelewa tena sizishauri hata kidogo, na yenye gesi usiruhusu mtu aitoboe wala aiwashie moto.

Urefu nao usiupuuze. Gari lililoinuliwa kwa springi ndefu linahitaji shokapu ndefu, la sivyo ekseli ikining'inia shokapu ndiyo inayoizuia, na inang'oka kwenye mashikio. Ikiwa ndefu mno, inagonga mwisho ndani kabla mpira wa kuzuia ekseli haujafanya kazi yake. Mwambie fundi apime zote mbili, gari likiwa limening'inia na likiwa limenywea.

Siku ya kufunga, nati za zamani zilowekwe mafuta ya kutu tangu jana yake. Badilisha zote mbili za ekseli moja kwa pamoja. Ekseli ya mbele yenye springi za duara iwekewe jeki chini yake kabla ya kufungua, isije ikaporomoka na kuvuta mipira ya breki. Shokapu mpya ya mirija miwili isimamishe wima, uivute na kuisukuma mara kadhaa hewa itoke kwenye chumba cha oili, ndipo uifunge. Bolti za bushi zikazwe mwisho kabisa, gari likiwa limesimama kwa matairi yake. Ukizikaza likiwa limening'inia, mpira wa bushi unabaki umejisokota na unachanika mapema.

Wenye Prado, kwenye matoleo mengi shokapu ya mbele imekaa ndani ya springi. Springi hiyo imebanwa kwa nguvu inayoweza kuua, kwa hiyo gari lipeleke kwa fundi mwenye kifaa cha kuibana, na baada ya hapo lipelekwe kupimwa alaimenti.

Ukishapita barabara mbaya kwa mara ya kwanza na shokapu mpya, ingia chini ya gari na spana. Jaribu kila nati, na upitishe kidole kwenye mashikio ya shokapu pale yalipochomelewa kwenye chesisi. Nyufa huanzia hapo, kwenye rangi kwanza.