Maswali ya Wasomaji: Punje za njano kwenye hindi jeupe

SWALI: Nilipanda mahindi meupe, mbegu niliyoitunza mwenyewe. Msimu huu karibu kila hindi lina punje mbili tatu za njano, na mengine yana mapengo nchani. Je, mbegu imeharibika? (Mkulima, Mbozi)

JIBU: Mbegu uliyopanda ni nzima. Chavua, yaani ungaunga wa kiume wa maua, ya mahindi ya njano imepeperushwa na upepo kutoka shamba jingine ikaingia kwako.

Kila unywele wa ndevu za hindi umeungana na punje moja tu. Chavua ikitua juu yake, huota mrija mwembamba unaoteremka hadi kwenye ovuli, kifuko chenye yai, kwa kawaida ndani ya saa 24. Mrija huo hubeba seli mbili za kiume. Moja huungana na yai, ndipo hupatikana kiinitete, yaani mmea mchanga ulio ndani ya punje. Nyingine huungana na viini viwili vya upande wa mama, na hapo ndipo huanza ile akiba ya wanga inayojaza punje. Rangi ya njano imo kwenye akiba hiyo, nayo huonekana kupitia ganda la nje, ndiyo maana rangi ya baba hujitokeza msimu uleule. Zitazame vizuri punje hizo: njano yake imepauka, kwa sababu mama ametoa sehemu mbili na baba moja.

Mapengo ni suala jingine. Nywele za nchani hutoka mwisho. Ukame ukiingia wakati huo huchelewa zaidi, zikitokeza wakati mbelewele, ua dume la kileleni, imeshamaliza kumwaga chavua. Lakini ukikuta nchani vipunje vyeupe vilivyosinyaa, hivyo vilichavushwa vikakosa maji au chakula baadaye.

Mbegu ya msimu ujao ichague katikati ya shamba, usichukue ya pembezoni, na uondoe punje zote za njano. Kinga ya kweli ni umbali wa mita 200 hivi kutoka mahindi mengine, au kupishana kupanda kwa wiki tatu hadi nne ili yasichanue pamoja.

SWALI: Kwa nini dona huanza kunuka upesi kuliko sembe? (Msomaji, Dodoma)

JIBU: Ni mafuta. Kiinitete ni kama sehemu moja ya kumi ya uzito wa punje, lakini kimebeba zaidi ya theluthi mbili ya mafuta yake yote. Kikisagwa, mafuta hukutana na hewa na kuchacha. Sembe imekobolewa, kiinitete kimeondoka, na sehemu kubwa ya vitamini imeondoka nacho. Usiache dona, saga ya wiki mbili tu, mahindi mengine yabaki punje.

SWALI: Nikiloweka haragwe na kulipasua, naona kijimche kidogo ubavuni. Ni nini? (Mwanafunzi, Moshi)

JIBU: Ni mzizi mchanga na vijani viwili vilivyokunjwa. Vile vipande viwili vikubwa ni kotiledoni, zenye wanga na protini za kukilisha hadi kipate majani ya kijani. Kijimche hicho ni chepesi kuvunjika: maharage yaliyokauka mno yakipurwa kwa fimbo, kichipukizi hukatika ndani huku ganda likionekana zima. Ukiyapanda, hutokeza kotiledoni zisizo na majani. Maharage ya mbegu yamenye kwa mkono.